Madonge Sita ya Nyuzi

Waliokuwa ndani siku ile ni hawa: wadogo zangu watatu, mama jirani aliyehamia Kitale na watu wake kutoka Nyeri, aliyekuja kurudisha sufuria, senge, yaani dada yake baba, aliyekuwa amefika kutoka Bungoma siku nne kabla, na mimi, kifungua mimba, mwenye sindano za kufuma mkononi. Nawataja kwa sababu wote walisikia nilichosema.

Senge alikuja kukagua. Tulipomzika mama, mwaka mmoja baada ya baba, watu wa ukoo walikaa wakaamua tugawanywe: mmoja Sirisia, mmoja Saboti, na kitinda mimba aende kwa senge. Nilikataa. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili na nikifuma sweta za wanafunzi kwa mkono. Wakanipa mpaka mwisho wa mwaka nionyeshe kwamba ninaweza kuwatunza. Kwa hiyo senge alipoingia na kikapu chake, akafunua debe la unga kabla hata ya kukaa, nilijua ameletwa na nini.

Wiki hiyo nilikuwa na kazi ya kuniokoa. Mama mmoja Mhindi mwenye duka la vitambaa mjini alinipa sweta ya binti yake niiige. Haikuwa na mikono, na kifua chote kilijaa maua ya rangi mbili, damu ya mzee na maziwa. Nikiipatia, angenipa kazi za duka mwaka mzima.

"Nyuzi ngapi natosha?" aliniuliza.

Niliigeuza ndani nje nikaona siri yake. Kila mistari miwili inafumwa kwa rangi moja tu. Mahali pa rangi ya pili huvuti uzi. Unakihamisha kitanzi cha chini kutoka sindano ya kushoto hadi ya kulia bila kukifuma, nacho kinapanda na rangi yake. Nikapiga hesabu kichwani. Sweta ya kawaida ya kimo kile hula madonge saba. Kitanzi kisichofumwa hakili kitu.

"Sita," nilisema, tena kwa sauti. Alinitazama kidogo, akanihesabia sita.

Nilipofika kwapani upande wa mbele, mgongo ukiwa umeisha, lilipaswa kubaki donge moja na nusu. Nilikuta vipande viwili vya kutoshea kiganjani. Na mgeni nyumbani alikuwa mmoja tu.

Nikaanza kumchunguza. Kwanza, kikapu chake alikifunga kwa leso, fundo juu ya fundo. Siku ya kwanza kilikaa nyuma ya mlango, siku ya pili kikahamia chini ya kitanda. Kwa nini? Halafu aliuliza nyuzi ni za nani, akauminya uzi kwa vidole viwili kama mtu anayenunua, akauliza, "Na zikikuishia?" Nikaanza kuzitia nyuzi ndani ya mkebe na kuuweka mfuniko kwa namna ninayoijua mwenyewe. Nilipotoka kuchota maji, nikarudi, mfuniko ulikuwa umegeuka. Wadogo zangu wakaapa hawakuugusa.

Basi siku ile uzi uliisha bado shibiri nzima kufika begani.

"Si ulisema zitatosha?" jirani aliuliza, bila ubaya.

Senge akacheka. "Ati fundi! Hata nyuzi hajui zinaenda wapi, na anataka kulea watu watatu."

"Ziko kwenye kikapu chako, senge," nikamwambia. "Unataka nishindwe ndiyo uwachukue hawa."

Jirani aliweka sufuria chini. Senge akainuka, akaburuta kikapu, akafungua mafundo yote na kukipindua katikati ya sakafu. Leso ya pili, kipande cha sabuni, sukari guru iliyoumwa upande, chupa ya dawa ya kifua. Kisha akanigeukia, akainua mikono juu.

"Njoo unipapase, mama. Labda nimejifunga kiunoni."

Sikusogea. Alipanga vitu vyake akaondoka kwenda Bungoma bila kunywa chai. Na mimi, nasema ukweli, nilibaki nikiwaza amempitishia nani zile nyuzi.

Kesho yake nikapeleka sweta dukani ikiwa na shimo la bega, nikisubiri kuitwa mwizi. Yule mama aliikunjua, akacheka mpaka akashika meza.

"Hii maua nakula nyuzi sana! Mimi nafikiri wewe najua. Wewe nasema sita kwa nguvu!"

Akanipa madonge mawili mengine. Nilipofika nyumbani nilifuma mistari ishirini ya kawaida, kisha ishirini ya maua, nikavilaza vipande sambamba. Cha maua kilikuwa kifupi mno. Kitanzi ukikihamisha kinavuta kitambaa chini, mistari inabanana, unahitaji mingi zaidi kufika mahali pale pale. Mwizi alikuwa ni maua hayo, na mimi ndiye niliyemkaribisha.

Kazi za duka zilikuja. Mwisho wa mwaka ukoo ulikaa tena Bungoma, na baba mdogo ndiye aliyenisimulia. Walipoulizana kuhusu sisi, senge alisema, "Yule anahesabu hata uzi. Waacheni kwake." Tukaachwa pamoja, na miaka ya tisini ilipoingia wadogo zangu walikuwa bado chini ya paa langu, wote wakisoma.

Nilimfumia senge sweta kama ile, isiyo na mikono, nikampelekea mwenyewe. Aliivaa palepale, akaikung'uta kifuani.

"Sweta nimepokea," alisema. "Lakini lile neno ulilisema mbele ya watu. Utaliondoa mbele ya watu."

Nimekwenda kwake mara nyingi tangu hapo, nimekula, nimelala, nimembebea kuni. Watu hujaa pale jioni wakipiga soga. Kila mara nakohoa kidogo kama mtu anayetaka kusema, senge ananyamaza kunisikiliza, nami naomba chumvi.