Soksi Hawakuzikata

Kitabu chenyewe ni kizito kama tofali, na kwenye jalada yuko marehemu mume wangu ameshika kalamu hewani, pozi la mpiga picha, maana yeye alikuwa akiandika amejikunja kama mtu anayeumwa tumbo. Juu wameandika kwamba hizi ni barua za mwandishi kwa mhariri wake na kwa mke wake. Mke ni mimi. Nimewekwa mwisho, kwa herufi ndogo.

Nilikifungua asubuhi nyumbani, mtaa wa Katoyi hapa Goma, nimekaa mlangoni penye mwanga, na chai yangu haikuwa imepoa nilipokasirika. Profesa aliyezikusanya barua ametutungia dibaji ndefu. Anasema: "Kwa mhariri alifungua akili yake, kwa mkewe alifungua orodha ya mahitaji." Naona alijipongeza sana kwa mstari huo. Halafu anaeleza kwamba msanii mkubwa huishi na watu wema wasioweza kumfuata anakokwenda kwa mawazo. Hao watu wema ni mimi tena, peke yangu.

Sasa niseme mambo yalivyokuwa. Mume wangu alifundisha katika mji mdogo wa Kiwanja miaka mingi, na nyumbani Goma alikuja mwisho wa mwezi. Miswada yake aliiandika kwa mkono kwenye madaftari ya shule. Madaftari hayo yalinifikia juu ya malori ya maharagwe, na mimi nikayapiga kwenye mashine ya kuandikia, ambayo ilibaki kwangu kwa sababu vumbi la barabara lingeiua. Mhariri alikuwa Ulaya. Barua zake ziliingia kwenye sanduku la posta hapa mjini, nikazifungua mimi. Mara ya kwanza nilimpelekea mume wangu barua ya mhariri huko Kiwanja, akaisoma, akaandika jibu lenye matusi matatu. Sikulituma. Nilikaa kwenye mashine nikaandika jibu lingine, la heshima lakini lisilorudi nyuma hata hatua moja, nikasaini jina lake. Alipokuja nikamwonyesha nakala. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Basi iko kazi yako sasa," akasema, na ikawa kazi yangu.

Mtu wa mbali anaweza kuita huo udanganyifu. Sisi tumetoka Butembo, kwa wafanyabiashara. Baba yangu alipokwenda Kampala kutafuta bidhaa, mama alibaki dukani akaandika barua za biashara kwa jina la baba, akasaini, akapiga muhuri, na hakuna aliyeuliza. Jina lilikuwa la nyumba. Nami nikalisaini jina la nyumba yetu miaka yote hiyo bila kufikiri kwamba siku moja watu watalichukua jina hilo wamvike mtu mmoja tu.

Kwa hiyo nilikaa pale mlangoni nikisoma barua zangu mwenyewe. Ya kwanza, yangu. Ya pili, yangu. Ya tisa ndiyo waliyoipenda zaidi, profesa ameipa kurasa mbili za sifa. Mhariri alitaka kuikata sura ya tano ya mswada, ile ya mwanamke anayechambua maharagwe huku anangoja habari za mumewe. Alisema hakuna kinachotokea humo. Nilimjibu kwa Kifaransa, naitafsiri hapa: "Bwana, nunua kilo mbili za maharagwe machafu. Keti uchambue, huku umeambiwa kwamba lori la mtu wako limepigwa risasi njiani na hujui nani amepona. Ukimaliza niandikie tena kwamba hakuna kinachotokea." Sura haikukatwa. Profesa anashangaa jinsi mwanaume alivyoweza kuingia hivyo ndani ya moyo wa mwanamke. Maskini profesa! Maharagwe yale niliyachambua mimi, na lori lilikuwa la kaka yangu.

Kisha nikafika kwenye barua za mke, na hapo ndipo hasira ilipopanda mpaka masikio yakaziba. Barua hizo ni fupi, ni kweli. Ziliandikwa haraka, dereva anapiga honi nje. Lakini mimi ninazo zenyewe ndani ya bati la maziwa ya unga. Profesa alizipiga picha kwa simu mezani kwangu, akala na wali wangu. Najua kilichomo. Kitabuni barua inasema: "Mama watoto, unitumie shoseti mbili, sabuni, na bic ya nyeusi." Halafu nukta tatu. Halafu: "Salimia watoto." Nukta tatu zimekaa mahali pa maneno haya: "Ule muzungu wa kitabu ameandika tena. Umujibu weye, mimi nitamutukana bure. Weye njo unajuaka kumuambia." Yaani, wewe ndiye unayejua kumwambia.

Nukta tatu hizo ziko kwenye barua kumi na nne. Nilizihesabu. Soksi hawakuzikata, sabuni hawakuikata, wamekata pale nilipokuwa.

Nikampigia simu profesa. Hakuona haya hata kidogo. "Mama, ile phrase ilikuwa inachanganya basomaji," akasema kwa sauti laini, kama daktari. "Tulibakisha tu mambo ya vie quotidienne, ya maisha ya kila siku." Nikamwambia kwamba yeye ndiye aliyechanganyikiwa, nikakata simu kabla sijasema neno ambalo mume wangu angelisema.

Ningeishia hapo, labda. Ningegomba wiki nzima nikanyamaza, maana aliye kaburini alikuwa mwenzangu na tulicheka pamoja. Lakini nilirudi kitabuni, nikafika barua ya thelathini na moja, na hiyo sikuijua.

Chini yake wameweka maelezo madogo: katika barua zote kwa mhariri, hii pekee iliandikwa kwa mkono. Iliandikwa hotelini Kinshasa, alipokwenda kupokea tuzo nami nikabaki na mtoto mgonjwa. Anasema: "Umeniuliza habari za mke wangu. Ni mtu mwema, anapika vizuri. Mambo ya vitabu hayamhusu, hajawahi kuniuliza naandika nini. Afadhali hivyo, nyumba inatulia."

Niliisoma mara nne. Sikulia. Nilitaka afufuke kwa dakika tano tu, akae kwenye kiti kile, nimuulize: ni nini kingekuuma kusema "tunaandika"? Mbele ya nani ulikuwa unajiogopea? Miaka yote niliyomlinda asitukane watu, kumbe tusi alikuwa amelihifadhi kwa ajili yangu.

Binti yangu alikuja jioni akanikuta bado nimeshika kitabu. Nilimweleza yote. Akaniangalia kwa huruma ile inayoudhi. "Mama, unyamaze tu. Utaharibia papa jina. Batu bote banamupenda."

"Na mimi banipende nani?" nikamuuliza. 

Siku ya kuzindua kitabu nilivaa vitenge vyangu vya harusi za watu, nikakalishwa mbele na shada la maua mapajani. Ukumbi ulijaa walimu na wanafunzi wa chuo, kila mmoja na kitabu chake. Mhariri hakuweza kuja, uwanja wetu wa ndege umefungwa, kwa hiyo walimtundika ukutani kwenye skrini, mzee mwenye nywele nyeupe anayekwamakwama kwa sababu ya mtandao. Mtu wa protokoli akanijia na maikrofoni, akiinama kwa adabu. "Mama, tunakuomba utusomee ile barua ya shoseti. Inafurahishaka sana."

Binti yangu alinishika mkono. Nikautoa taratibu.

Sikufungua kitabu. Nilitoa kwenye mkoba karatasi yenyewe, iliyochakaa kwenye mikunjo, nikasoma. Shoseti mbili. Ukumbi ukacheka. Sabuni, bic. Wakacheka tena. Kisha nikasoma yaliyofuata, polepole, yote, mpaka "weye njo unajuaka kumuambia". Hakuna aliyecheka. Nikatoa ya pili, nikatoa ya tatu. Kwenye ya nne profesa alisimama, akaangalia huku na huku, akakaa.

Mhariri ukutani, aliyekuwa akitafsiriwa kila mstari, alikuwa amesogea karibu na kamera yake hadi likabaki paji la uso na macho. Akauliza kwa Kifaransa: "Madame, yale maharagwe?"

"Ya kwangu," nikasema. "Ulinunua?"

"Nilinunua," akasema. "Kilo mbili. Nilizichambua."

Miaka yote hiyo nilikuwa sijui. Kidogo tu hasira iliniachia, nikaona kwamba kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyefanya nilichomwambia. Halafu akauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza: kama barua zile zote alizozihifadhi ni zangu, je, hana hata moja ya mwandishi wake?

Niliangalia binti yangu. Alikuwa ameinamisha kichwa, anajua ninakokwenda. Nilifikiri pia juu ya jina la nyumba, lile nililolisaini vizuri kuliko mwenyewe.

"Iko moja," nikasema kwenye maikrofoni. "Ya thelathini na moja. Ile njo yake, aliandika yeye mwenyewe, na mukono yake."

Nikasikia vitabu vikifunguliwa ukumbi mzima. Nilibaki nimesimama, nikawangoja wasome.