Siku Niliyokagua Darasa la Kuzungumza

Kwa nini sikutikisa kichwa? Nimejiuliza swali hili nikipika, nikisahihisha madaftari, nikisubiri gari katika baridi ya asubuhi ya Karatu. Tendo lenyewe lisingechukua hata muda wa kupiga chafya.

Chuo kilikuwa kidogo, vyumba vitatu nyuma ya barabara kuu ambako magari ya watalii hupita yakielekea lango la Ngorongoro. Wanafunzi wa darasa la kuzungumza Kiingereza walitoka nje ya nchi: Burundi, Kongo, wawili Msumbiji. Walikuja kwa sababu hoteli za ukingoni mwa kreta zilitafuta watu wenye Kifaransa au Kireno, mradi wawe na Kiingereza kwanza. Mwisho wa kozi waliofaulu walipelekwa huko fildi, yaani mafunzo ya kazini, na wengi waliokwenda fildi walibakizwa kazini.

Mimi nilikuwa mkaguzi wao. Nina shahada ya lugha na nimefundisha sekondari miaka mingi, hivyo mkuu wa chuo aliniomba niwe nikikaa nyuma ya darasa mara moja kwa mwezi na kumwandikia taarifa. Katika taarifa ya kwanza nilishauri kibao. Wengi waliosoma katika shule zetu wanakijua: kipande cha ubao chenye kamba, huvishwa shingoni yule aliyeteleza katika lugha iliyokatazwa, naye hukivaa hadi amnase mwingine. Nilieleza kwamba wageni hawa wote wana Kiswahili cha namna fulani, na wasipobanwa watakimbilia humo. Mkuu akaongeza sheria yake: atakayevishwa mara tatu haendi fildi.

Naona aibu kuandika kwamba nilikijua kibao kwa shingo yangu mwenyewe. Nilivishwa shule ya msingi kule Qurus, kwa kumsemesha mdogo wangu Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, alipoanguka uwanjani akachubuka magoti. Nilipofika chuo kikuu nilijiaminisha kwamba kibao ndicho kilichonifikisha.

Asubuhi ile ya Julai ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mahindi. Mwalimu, kijana wa Baray mwenye sauti ya upole, aliwapa zoezi la kumpokea mgeni hotelini. Kibao alikuwa nacho mwanamume mmoja wa Msumbiji.

"Ng'ombe wetu leo ana kengele," mama mmoja wa Kongo alimtania kwa Kiingereza. "Hata akiingia msituni tutamsikia."

"Cheka tu," akajibu yule bwana. "Saa nne haifiki, itakuwa yako."

Darasa likacheka, naye mama akacheka kuliko wote. Alitoka Bukavu na alikuwa amewaacha watoto wanne kwa dada yake ili aje kusoma. Alikwisha kuvishwa mara mbili. Nilijua, kwa kuwa daftari la kibao lilikuwa mbele yangu.

Ndipo simu ya binti mmoja wa Burundi ikatetemeka juu ya meza. Akasoma, akasimama, kisha akakaa sakafuni. Baba yake alikuwa amefariki alfajiri. Hakupiga kelele; alimwita baba yake mara moja tu, akajifunika uso.

Mama wa Kongo akavuka darasa, akapiga magoti, akamkumbatia kichwa. "Pole, mwanangu. Pole sana. Lia, usijizuie. Niko hapa, lia." Aliyasema yote kwa Kiswahili chake cha Bukavu.

Bwana wa Msumbiji akakivua kibao, akakishika kwa mikono miwili kama mtu asiyejua pa kukiweka. Mwalimu akainua macho, akanitazama mimi. Lilikuwa swali, amvishe au amwache, nami nililielewa vizuri. Nikainamia karatasi yangu nikaandika saa.

Basi mwalimu akakichukua, akamvisha yule mama. Mama aliinamisha shingo kumrahisishia, bila kumwachia binti.

Baadaye wenzake walimpeleka binti bwenini kufunga mizigo. Mama akanifuata uani, kibao bado kifuani, akasema kwa Kiingereza cha kupima kila neno, "Madamu, nisaidie. Kwa lugha hii, mtu aliyefiwa anaambiwa nini?"

Nikamwambia. Akarudia mara tatu, akirekebisha matamshi kila mara.

"Na hayo yanatosha?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Ni mafupi," akasema.

Mkuu wa chuo, aliyekwisha kusikia yaliyotokea, nilimkuta ofisini akiandaa orodha ya fildi. "Kesho nabandika. Nasubiri taarifa yako tu, madamu."

"Alikuwa anamfariji mfiwa."

"Sikatai. Lakini wewe ndiye uliyeniandikia tusilegeze hata siku moja. Nikimwacha huyu, wenzake watasemaje?"

Maneno yalikuwa yangu kweli. Nikaondoka.

Jioni nilimpigia simu mdogo wangu. Tuliongea Kiiraqw, nikamuuliza kama anaikumbuka siku ile alipoanguka.

"Ile sikumbuki sana," akasema. "Nakumbuka nilipoanguka tena, darasa la tatu. Ulikuwa umesimama karibu, hukuja."

Hakusema kwa hasira. Akaendelea kunisimulia habari za maharage na mvua, nami kabla ya kukata simu nilikuwa nimeamua.

Asubuhi, saa moja, nilikuwa mlangoni kwa mkuu wa chuo. Binti wa Burundi alikwisha kuondoka na basi la alfajiri, na sikuwahi kumpa pole. Katika taarifa mpya niliandika kwamba mwalimu aliniomba kwa macho nimruhusu kusamehe, nami nikamnyima; kwamba kosa la tatu liandikwe kwa mkaguzi; na kwamba jina la yule mama liwekwe kwenye orodha, langu litoke kwenye kazi hii.

Mkuu akaisoma mara mbili. "Una hakika? Kumpata mwingine si rahisi."

"Nina hakika."

Akanisogezea kalamu. Nikatia sahihi, nikabaki nimesimama hadi alipoliandika jina la yule mama kwenye orodha, ndipo nikatoka.