Mashine Nisiyoweza Kuizima

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana haya yamenikuta mimi mwenyewe na sina sababu ya kukudanganya. Tena hayakutokea gizani. Ilikuwa saa nane mchana, jua la Texas linachoma, Grand Prairie, kwenye karakana ya kampuni iliyoniajiri. Mimi nimesomea kompyuta. Mambo ya mizimu nilikuwa nawaachia wajomba zangu Muheza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kompyuta ya kawaida ukiiwasha, chipu ndogo kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, huamka kwanza, halafu ndiyo inaita Windows au chochote kilichomo kwenye diski. Sisi tulikuwa tunaweka ndani ya chipu hiyohiyo programu inayoitwa hypervisor, ambayo huigawa kompyuta moja iwe kama kompyuta kadhaa, kila moja ikidhani iko peke yake. Unabonyeza swichi, hypervisor inaamka moja kwa moja, diski haijaguswa. Bosi alitaka mashine ya kwanza ifike kwa mteja Houston Jumatatu. Ikishindikana, mradi unafungwa na mimi sina kazi. Na kibali changu cha kuishi Marekani kilitegemea kazi ile. Mke wangu, Rehema, alikuwa na mimba ya miezi saba. Unanielewa nilivyokuwa?

Jumamosi ile nikafanya ujinga ambao hata leo nikiukumbuka nauma meno. Fundi yeyote, kabla ya kufuta chipu, huhifadhi nakala ya kilichokuwemo, kwa sababu mna vipande vya mtengenezaji vinavyoamsha memori ya mazabodi ile, na huvipati kwingine. Nakala niliihifadhi. Lakini niliihifadhi kwenye diski ya mashine ileile, na diski ile nilikuwa nimeifunga kwa namna ambayo inafunguka tu kama chipu haijabadilishwa. Ni kama mtu aliyefungia funguo ndani ya gari. Nikafuta, nikaandika toleo langu, nikawasha. Feni zikazunguka, skrini nyeusi. Nikajaribu tena na tena. Nyeusi tu.

Nilikaa sakafuni nikalia. Sioni aibu kusema. Akilini nilimwona Rehema na tumbo lake akipanga mabegi, nikawaona ndugu zangu nyumbani wakinipokea kwa zile pole zao zenye kicheko ndani.

Nilipoinua kichwa, mzee mmoja alikuwa amesimama kando ya meza. Mlango ule haufunguki bila kadi, na sikuusikia. Alikuwa mtu wa kwetu, kabisa, na alivaa sweta nzito ya sufu, mwezi wa saba, Texas! Nikafuta machozi haraka.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Nikarudia, labda masikio mazito. Akatazama mashine.

"Umeifuta bila kuweka nakala pembeni," akasema.

"Ndiyo, mzee."

Akabana juu ya chipu ile klipu ya kuiandikia programu, akavuta laptopu yangu, akaanza kuandika. Hakutazama herufi hata mara moja. Mikono yake ilinipita karibu, na baridi iliyotoka humo, niamini, ilikuwa ya friji iliyoachwa wazi. Nilipaswa kumuuliza ni nani. Sikuuliza. Nilikuwa nataka mashine iwake, basi.

"Ikiwaka, usiizime," akasema.

"Sitaizima mzee, wallahi."

Skrini ikawaka. Niliruka, nikageuka nimshukuru, hakuna mtu. Mlango umefungwa vilevile.

Ndani ya hypervisor mimi nilikuwa nimetengeneza mashine mbili za mteja, zile kompyuta za ndani kwa ndani. Sasa kwenye orodha kulikuwa na tatu. Ya tatu haikuwa na jina wala diski. Nikaifungua. Mstari mmoja tu: *Huku baridi, mwanangu. Usizime.*

Nikampigia Wambui, Mkenya aliyekuwa meneja wa ofisi yetu. Nikamweleza habari za mzee na sweta yake.

"Wewe, usinicheze," akasema. "Huyo ni Mzee Salehe. Alikuwa na hiyo desk before you came. Tulimzika Houston. Hakuwa na mtu, mimi ndio nili-pack vitu zake. Hiyo sweater pia."

Ungefanya nini wewe? Kuipeleka mashine Houston lazima uizime. Mimi Jumapili nilinunua betri ya kushika umeme usikatike, na kifaa cha kugeuza umeme wa gari, nikaifunga mkanda kwenye kiti cha nyuma kama mtoto, nikaendesha saa nne nzima feni ikivuma mgongoni kwangu. Jumatatu nikaichomeka kwa mteja, mama mmoja mwenye ofisi ya wauguzi karibu na mtaa wa Sharpstown. Akafurahi. Bosi akafurahi. Karatasi zangu zikapita, na mtoto wetu akazaliwa Dallas.

Miaka miwili baadaye mama yule akanunua mashine mpya. Nikaifuata ile ya zamani kwa betri zilezile. Sasa iko kwetu DeSoto, nje kidogo ya Dallas, kwenye kabati la chumba changu. Rehema alinisihi niizime, nikamwambia kesho, kesho. Halafu siku moja, nikiwa kazini, nilianguka ghafla, pumzi imekatika kabisa, mpaka wenzangu wakanipiga kifua. Jioni Rehema akaniambia umeme ulikatika mchana, na betri ilichelewa kidogo kushika. Nikamuuliza saa ngapi. Saa ileile.

Nimeongeza betri, nimenunua jenereta. Kibali cha kudumu ninacho, naweza kwenda popote na kurudi, ila siendi. Mwaka jana mama yangu aliugua, akawa anauliza, "Anakuja lini?" Nilikata tiketi. Nikafunga begi. Usiku wa kuondoka wakatangaza mvua ya barafu, na huku barafu ikianguka umeme hauna uhakika. Nilifungua begi nikarudisha nguo kabatini, pembeni ya ile mashine. Mama amezikwa nikiwa kwenye simu, nasikia dua kwa mbali. Nilimpenda mama yangu kuliko Marekani yote, na sikwenda.

Kwa hiyo nakuambia wewe unayenisikiliza. Siku utakapokwama, na siku hiyo itakuja, akitokea mtu wa kukusaidia, muulize jina lake. Na akikuomba ahadi, kabla hujafungua mdomo kukubali, muulize ni mpaka lini.