Kona ya Jikoni kwa Mama Magesa

Nilishuka Masumbwe bila mwenyeji, nikakuta mtaa mzima ukibishania upana wa barabara mpya. Afisa mipango miji alikuwa akichora mpaka kwa majivu, na kila ua alioingia alivua kofia kwanza, akaamkia kwa Kisukuma: “Mwangaluka!” Mstari ukafika jikoni kwa Mama Magesa.

“Sasa nikapikie kwako, baba?”

Afisa akachuchumaa penye mafiga, akisugua viganja vyake vyeupe kwa majivu. Boaz, jirani wa mbele, akamtania: “Afisa, unapima barabara au ugali?”

“Vyote. Ukuta wako utabaki, itasogea michongoma tu.”

Akaufuta mstari kwa kiatu, akaupindisha upande wa Boaz. “Kona itapunguza mwendo wa bodaboda.”

Boaz akaguna, akakubali. Afisa akawasha pikipiki, akaizunguka polepole ile kona ambayo bado haijajengwa, akaenda zake. Mama Magesa akanisogezea kigoda, nikakaa.