Pumzi Iliyokuja na Lori la Maziwa

Kundi letu la simu lilianzishwa na aliyekuwa kiranja wa darasa, miaka kadhaa baada ya mtihani wa darasa la nane. Sasa anauza nguo Nairobi, lakini bado anatusemesha kama mtu anayeandika majina ya wapiga kelele. Yupo mwenzetu aliyeolewa Masalani, ambaye hututumia picha za ndizi za shamba lake kando ya Tana ili tuone wivu. Yupo mwendesha bodaboda wa hapa Garissa. Habari zote humfikia yeye kwanza, za kweli na za uongo. Wengine hutoa salamu Ijumaa na kunyamaza hadi Ijumaa nyingine.

Mimi shule yangu iliishia hapo darasa la nane. Nauza katika duka la abti wangu, kaka wa mama, mtaa wa Iftin. Naandika polepole. Natafuta herufi, nafuta, naanza tena, na muda huo wote wenzangu wanaona kwenye kioo kwamba ninaandika.

"Warya, we kijana," kiranja hunitania, "umeanza adhuhuri na bado hujafika kwenye nukta?"

Mara nyingi nikimaliza, mazungumzo yameshahamia kwingine, basi nafuta yote.

Rafiki yangu wa dawati moja alikuwa haandiki kabisa. Baada ya shule alirudi baadia, kule porini, kuchunga ngamia wa marehemu baba yake. Mtandao haufiki huko. Alikuwa akizungumza na simu jioni, ngamia wakirejea, na sauti zake zilikaa ndani ya simu zikisubiri. Chaji ikikaribia kwisha, aliiteremsha barabarani na kumkabidhi dereva wa lori la maziwa pamoja na madumu. Hapa mjini simu ilipelekwa kwenye kibanda cha kuchaji karibu na soko la maziwa. Mwenye kibanda aliichaji, akaiwasha, akaiacha juu ya rafu. Sauti za porini zilitoka zote kwa pamoja na zetu zikaingia. Kesho yake simu ilipanda lori kurudi. Wachungaji wengi wa upande ule hufanya hivyo.

Kwa hiyo tulizoea kumsikia mtu ambaye hayupo. Alicheka mambo tuliyokwisha kuyasahau. Aliuliza matokeo ya mechi iliyochezwa zamani. Alimwombea mtoto wa mwenzetu wa Masalani apone, wakati mtoto ameshapona na anakimbiza kuku. Nyuma yake zilisikika kengele za mbao za ngamia.

Msimu uliopita mvua zilichelewa, kisha zikaja kwa hasira. Asubuhi moja mwenzetu wa bodaboda aliandika kwa herufi kubwa: "MMESIKIA?" Hatukuwa tumesikia. Akatuma sauti, anahema. Alisema amezungumza na dereva wa lori la maziwa. Usiku mvua ilikuwa imenyesha huko juu. Asubuhi jua lilikuwa kali na laga, ule mto wa mchanga, ulikuwa na madimbwi tu. Kijana amefika barabarani, amekabidhi maziwa na simu, ameanza kuvuka laga kurudi kwa ngamia. Amejifunga kitambaa usoni kwa sababu ya mbu. Maji yakaja kutoka juu, yamesimama kama ukuta, yana miti ndani yake. Dereva alipiga kelele. Kijana aligeuka kumtazama dereva, na hapo hapo hakuonekana tena.

"Simu nimeishika mimi mwenyewe hapa kibandani," alimaliza. "Ni ya ndugu yetu. Ina ule ufa wake pembeni. Imezimika."

Tuliandika Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, mmoja baada ya mwingine. Kiranja akabadilisha picha ya kundi, akaweka ile ya rafiki yangu akiwa na sare ya shule, akicheka na shati halina kifungo. Mwenzetu wa Masalani alisema yeye ndiye aliyekuwa akimwazima kalamu. Mimi nilikuwa bado natafuta herufi za mwanzo wakati simu yangu ilipoanza kutetemeka mkononi.

Zilikuwa sauti zake, zinaingia kwa mfululizo chini ya rambirambi zetu.

Mwenye kibanda alikuwa hajaambiwa lolote. Aliichaji simu kama kawaida, akaiwasha kama kawaida. Lakini sisi tulimwona marehemu yuko mtandaoni, na hakuna aliyethubutu kuandika neno. Nilitoka dukani nikasimama juani na kuisikiliza ya kwanza. "Kiranja," alisema huku akicheka, "umenenepa hadi picha haikutoshi. Nani anakupikia huko?" Kengele zikalia nyuma. Katika nyingine alilalamika kuhusu ngamia jike anayekataa kunyonyesha ndama wake. Katika nyingine aliniuliza mimi, kwa jina, kwa nini nimekuwa kimya.

Ya mwisho haikuwa na maneno. Kulikuwa na vyura. Vyura wengi, wale wanaotoka ardhini mvua ya kwanza ikinyesha, wanalia mpaka sikio linauma. Na karibu sana, kama mtu ameweka mdomo juu ya simu, kulikuwa na pumzi. Inaingia taratibu, inatoka taratibu. Kisha ikakatika.

"Jamani, hiyo ya mwisho mmeisikia?" aliandika mwenzetu wa Masalani. "Niliweka vipokea sauti masikioni nikavitoa. Kama mtu amesimama nyuma ya shingo yangu."

Nilimwomba abti anishikie duka.

Mama wa rafiki yangu anakaa Galbet, mtaa mwingine wa hapa mjini, na ndiye huuza maziwa yanayoletwa na lori lile. Nilipofika kwake, wanawake walikuwa wameshajaa uani. Dumu la maziwa ya asubuhi ile lilikuwa pembeni ya mlango, halijafunguliwa, na watu walilipita kwa mbali kama vile pamelala mtu. Alikuwa amesikia kwamba kuna sauti. Aliniita ndani.

"Hooyo," aliniambia, kwa maana mama zetu hutuita kwa neno lile lile tunalowaitia wao, "niletee mtoto wangu nimsikie."

Nilimpa simu. Alisikiliza zote bila kulia. Kwenye ya ngamia jike hata alitabasamu. Ilipofika ya vyura, aliisikiliza, akaniomba niirudie, kisha mara nyingine tena. Nilikuwa naogopa kumtazama, nikatazama mkeka.

"Huyu nani?" aliuliza.

"Ni yeye, eeddo," nilimjibu, kama tunavyowaita shangazi zetu.

"Si yeye. Mtoto wangu pua moja imeziba tangu alipoangushwa na ndama. Akilala, nyumba nzima inajua. Huyu anapumua safi, pua zote mbili." Alinishika mkono. "Hawa vyura ni wa usiku wa mvua. Usiku ule simu ilikuwa kwa mtu mwingine. Na asubuhi yake ndipo dereva alipoipokea. Alimwona uso?"

"Alikuwa amejifunga kitambaa, eeddo."

"Umeona?"

Sikujua kama nimeona. Niliisikiliza tena njiani, na kila nilipoisikiliza ilikuwa pumzi tu. Mara ilikuwa ya rafiki yangu kabisa, mara ilikuwa ya mtu nisiyemjua, mara nilihisi ni yangu mwenyewe.

Wazee wa ukoo walitaka asomewe sala ya maiti asiyekuwapo, msikitini, Ijumaa inayofuata. Vijana waliokwenda kutafuta mwili walikuwa wamerudi na sandali moja tu, na ng'ambo hakuna aliyeweza kuvuka, maji bado yalikuwa yanapita. Mama alikataa. Kaka yake alimfokea mbele ya watu.

"Unamnyima mtoto wako dua kwa sababu ya vyura?"

"Msimwombee kama maiti," alisema. "Nikikubali, nitakuwa nimemfukia mwenyewe."

"Na maji hayo yamerudisha nani, lini?"

Mama aliwaacha hapo hapo. Alinijia dukani kwa miguu kutoka Galbet, jua la saa nane, akaniomba niwaandikie wenzangu. Alisema sisi ndio tuliotangaza kifo, kwa hiyo sisi ndio tukitangue. Nilitaka kumwambia ampe mwenzetu wa bodaboda, ambaye anajua kusema. Lakini alikuwa ameshaketi juu ya gunia la mchele, anasubiri.

Niliandika hadi kivuli cha duka kikavuka barabara. Kiranja aliona kwamba ninaandika. "Leo anatunga kitabu," alisema, na mara hii hakuweka kicheko. Niliyoyaandika mwishowe yalikuwa machache: Mama anasema pumzi ile si ya mwanawe. Simu ilikuwa kwa mwingine. Anaomba mtoe picha, na msimwite marehemu mpaka aonekane.

Kisha kiranja akaniandikia pembeni, mimi peke yangu. "Ndugu, mama ana uchungu. Usimtie moto." Hata hivyo picha aliitoa. Baada ya hapo kila mtu aliogopa kuandika chochote. Hakuna aliyetaka kutuma ndizi wala vichekesho chini ya pumzi ile, na kwa sababu hakuna aliyeandika, ikabaki hapo chini kabisa. Kila ukifungua kundi ndiyo ya kwanza kukutazama.

Mama alikuja kuisikiliza kila siku. Wateja walizoea kumwona kwenye gunia, simu sikioni, midomo inacheza. Nilidhani anasoma Kurani. Siku moja nilipita karibu yake kuchukua sukari nikasikia anavyosema, kwa Kisomali, polepole: "Uwe mtoto wa mtu mwingine. Ya Rabbi, awe wa mtu mwingine."

Ijumaa ilikuwa haijafika. Siku ya kuamkia Ijumaa hiyo, mwenzetu wa bodaboda alituma sauti nusu, imekatika katikati ya Ayatul Kursi. Halafu akatuma nyingine. "Nimemwona. Wallahi nimemwona. Ameshuka kwenye lori la maziwa. Anatembea. Ameniita nimpeleke nyumbani na mimi nimekimbia nikaacha pikipiki!"

Alikuwa yeye, amekonda, kope nyeupe kwa vumbi. Nilimkuta uani kwao Galbet anakunywa chai, pua moja inakoroma. Wanawake walikuwa wanapiga vigelegele. Watoto walikuwa wanamgusa na kukimbia. Mama yake alikuwa amekaa mkabala naye, hajamwachia mkono.

"Warya, mmenizika?" aliniambia. "Na wewe hukuandika hata rambirambi?"

"Nilikuwa sijamaliza," nilimjibu, na watu wakacheka.

Kisha akaeleza. Ngamia jike alikuwa ameugua, akashindwa kumwacha. Kwa mara ya kwanza alimpa mwingine ateremshe maziwa na simu: kijana wa kuajiriwa, mtu wa upande wa Wajir, ambaye hakuwa amemiliki simu ya kugusa kioo maishani mwake. Kijana alilala karibu na barabara kusubiri lori la asubuhi. Rafiki yangu alikuwa amemwonyesha mahali pa kubonyeza kupata tochi. Simu yenyewe ilikuwa wazi kwenye kundi letu.

"Atakuwa alibonyeza penye kinasa sauti," alisema. "Alikuwa anatafuta mwanga. Anataka kuona laga kama ina maji."

Vigelegele vilikuwa vimekwisha. Niliisikia tena ile pumzi bila kuwasha simu, nikamwona mtu gizani ameinamisha uso juu ya kioo, anangoja kimwangazie, na huku chini yake sisi sote, Nairobi, Masalani, Iftin, tumelala.

Mama aliachia mkono wa mwanawe. Alijifunika uso kwa mtandio, wageni wakadhani ni furaha. Mimi nilikuwa karibu, nikamsikia. "Nilikuwa naomba," alisema. "Kila siku nilikuwa naomba, na kumbe ana mama."

Sala ilisomwa Ijumaa ile ile, kwa jina lingine. Kundini tuliandika Inna lillahi mara ya pili. Mwenzetu wa Masalani aliomba ile sauti ifutwe, kwamba haingii tena kundini akiwa peke yake nyumbani. Rafiki yangu ndiye mwenye uwezo wa kuifuta kwa wote, akakataa. Alisema kijana yule hakuwahi kupigwa picha.

Habari zilipelekwa Wajir kwa midomo ya watu. Muda ukapita, na siku moja ya mnada wa mifugo aliingia dukani mtu mrefu, ana fimbo na simu ndogo ya vitufe, akaniuliza kama mimi ndiye mwenye kaka yake. Nilimwashia sauti ya vyura. Alisikiliza amesimama, kichwa kimeinama upande mmoja. Vyura walilia hadi mwisho.

"Ni yeye," alisema. "Rudia."

Mama wa rafiki yangu alikuwa kwenye gunia la mchele, dumu tupu miguuni. Angeweza kutoka, mlango ulikuwa wazi. Yule mtu alipomaliza aliuliza, "Nimeambiwa kuna mama aliyesikia akasema huyu si wake. Ni nani?"

"Mimi," mama alisema, akasimama.

Mtu yule aligeuka akamkabili. Aliweka mkono kifuani, akamsalimu. Mama akamwondolea dumu njiani, akampangusia lile gunia kwa ncha ya mtandio, na mgeni akaketi, akarudisha simu yangu sikioni.