Mlima wa Kona Kumi na Mbili

Angelina wa kijiji cha Qurus hatulii. Mwambie aketi, na kabla hujamaliza salamu utamsikia nje anafunga madumu kwenye punda. Shule aliiacha kidato cha tatu, mama yake alipougua, ila kitabu cha fizikia hakukirudisha. Sasa ana miaka thelathini na mmoja, amejiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne, na ukikutana naye njia ya chemchemi utamkuta anaswaga punda huku anasoma kwa sauti. Majirani walimcheka mpaka wakachoka.

Kicheko kiliisha kamati ya maji ilipoleta pampu ya sola kutoka dukani kwa Swaleh, Karatu mjini. Ilitakiwa kupandisha lita elfu moja kila saa, kutoka chemchemi ya bondeni hadi kwenye tangi juu kilimani. Kabla haijafungwa, mwenyekiti wa kamati, Mzee Hhando, alimwita Angelina.

"Mama Thomasi, wewe si unasoma mambo haya? Hebu tuangalizie."

Kanuni aliijua kama sala: chukua uzito wa maji, zidisha kwa umbali wa kuyapandisha, gawanya kwa sekunde zitakazotumika, utajua mashine iwe ya wati ngapi. Mlima akaupima kama wenyeji wote wanavyoupima, kwa njia ya punda, kona kumi na mbili. Kamba ya mita thelathini iliingia mara kumi. Mita mia tatu! Hesabu ikadai wati zaidi ya mia nane, na pampu ya Swaleh ilikuwa ya mia tano. Angelina akasimama mkutanoni, mbele ya wale wale waliomcheka, akasema Swaleh ni tapeli. Wakampigia makofi. Utamu wa makofi yale, acha tu. Mzee Hhando akapiga simu mjini: njoo Alhamisi uchukue mashine yako.

Jumatano punda alimponyoka, akatangulia na dumu lake. Angelina, dumu lingine kichwani, akakasirika akakata moja kwa moja mashambani kupanda kilima. Alifika juu akatua mzigo. Punda akatokea baadaye, taratibu, baada ya kona zote. Angelina akatazama dumu lake, akatazama la punda. Yametoka chemchemi moja, yamefika mahali pamoja. Zile kona zilimrefushia punda safari tu; maji hayakupanda juu zaidi kwa sababu ya kona hizo.

Akashuka tena na chupa yenye maji nusu. Akaishika usawa wa jicho, akaangalia uso wa maji unalenga wapi kilimani, akapanda mpaka pale, akarudia. Mara arobaini. Kutoka unyayoni hadi jichoni mwake ni mita moja na nusu. Basi kimo chote ni mita sitini. Wati mia moja na sabini hivi! Hata ukiongeza zinazopotea kwenye bomba na kwenye mashine yenyewe, mia tano zilitosha.

Jioni ile aliunguza mboga, akamfokea mwanawe Thomasi bila kosa. Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Wanawake wangeendelea kushuka bondeni, Swaleh angebaki tapeli, na yeye angebaki msomi wa kijiji. Wazo hilo lilimchukiza, na lilimvutia pia, tusidanganyane.

Alhamisi gari la Swaleh lilimkuta ameshasimama barabarani, na Mzee Hhando amekuja kuirudisha pampu.

"Shikamoo, Mzee Hhando. Mashine isipakiwe. Nimekosea mimi. Nilipima njia ya punda, sikupima kimo cha mlima."

"Juzi ulituapia haiwezi, leo inaweza. Tukushike wapi?"

"Ifungeni, mzee. Maji yasipofika, msiniulize tena neno maishani."

Swaleh alikuwa ameshika kamba ya kufungia mzigo. Hakupandisha sauti. "Dada, wateja wangu wameanza kunikimbia. Wanasema hata Qurus wamenigundua."

Angelina akaipokea ile kamba, akairudisha garini.

Pampu ikafungwa. Jua lilipokolea, bomba la juu likakohoa hewa, likanyamaza, watu wakaanza kuguna, kisha maji yakaruka ndani ya tangi. Vigelegele! Mzee Hhando akageuka kumtafuta Mama Thomasi ampe mkono. Hakumwona, alikuwa ameshapanda bodaboda kwenda mjini.

Dukani alimkuta Salha, mke wa Swaleh, na wateja wawili.

"Mimi ndiye mwanamke wa Qurus niliyemwita mumeo tapeli," akasema, kwa sauti iliyofika barabarani. "Hesabu yangu ilikuwa mbovu. Mashine yake imepandisha maji leo, nimeyaona kwa macho yangu."

Wateja wakatazamana. Salha aliendelea kupanga balbu kwenye rafu.

"Hawa wawili wamekusikia, dada. Na wale walioacha kuja?"

Angelina akavuta daftari lake la fizikia, akalifungua ukurasa mtupu, akaliweka mezani.

"Niandikie majina yao," akasema, "na wanakokaa."