Barua Zilizojificha Chini ya Ufunguo wa Choo

Karani wa karakana ya hospitali waliyemwita Kimya hakuwa bubu. Maneno yalimwia mazito tu. Akisalimiwa alijibu, akiulizwa alitikisa kichwa, na mkewe alizoea kuwaambia mashemeji kwamba mume wake anaongea zaidi na kompyuta kuliko na wakwe. Kazi yake ilimfaa. Wodi ikiharibikiwa na bomba, taa au kitasa, ilimwandikia barua pepe, naye akaigawa kazi kwa mafundi. Miaka kumi na mmoja alinakili kila barua kwenye daftari kubwa lenye jalada jeusi, akaweka mstari mwekundu kazi inapokwisha.

Mwaka huu ofisi ya utawala ikasema madaftari basi, kila kitu kikae ndani ya kompyuta. Kimya alikuwa ameishia darasa la saba na aliona haya kuomba afundishwe na watoto wa ofisini, kwa hiyo akajifunza mwenyewe. Wiki tatu, saa ya chakula cha mchana, alifungua mipangilio ya programu ya barua mmoja baada ya mwingine, akabonyeza, akaangalia kilichotokea, akarudisha. Mwisho akapata alichokitaka. Barua zilijikusanya kwa mazungumzo, za jambo moja zikakaa pamoja chini ya kichwa kimoja. Kila mazungumzo yalikuwa na kisanduku kidogo pembeni, na akikitia tiki, kazi ilihesabiwa imekwisha, ikaondoka machoni.

Kero ilibaki moja. Akishatia tiki, watu walijibu: asante, Mungu akubariki. Na kila asante ilipoingia, kazi iliyokwisha ilirudi juu kama vile haijaguswa. Kimya akatafuta tena kwenye mipangilio, akaweka amri kwamba jibu lolote linaloingia kwenye mazungumzo yaliyokwisha liende hukohuko zilikofichwa barua nyingine. Siku hiyo alitazama kioo cha kompyuta yake, cheupe, kisafi, chenye kazi tisa tu, akajisikia mtu.

Jumatano, baada ya saa tisa kidogo, alikutana kwenye korido na sista mkuu wa wodi ya watoto njiti, mama mnene mwenye mwendo wa haraka.

"Kaka, kesho saa nne asubuhi umeme unakatwa, si unajua," akasema bila kusimama. "Nawategemea. Nilikuandikia Ijumaa."

"Ndiyo, sista," Kimya akajibu, maana ndivyo alivyojibu kila kitu. Alikuwa ameshafika ngazini ndipo akasimama ghafla. Barua ya Ijumaa hakuwa ameiona.

Akarudi mezani nusu akikimbia. Kwenye kazi tisa, haimo. Kwenye takataka, haimo. Akatafuta neno njiti, akaletewa barua ya mwaka juzi kuhusu pazia. Alijua kuna mahali pamoja tu palipobaki, na hakutaka kupagusa. Hatimaye akaiondoa ile amri yake ya kuficha, na kioo kikajaa mpaka chini.

Juu kabisa palisomeka: Ufunguo wa choo umepatikana. Barua arobaini na moja.

Ufunguo wenyewe ulipotea na kupatikana miezi mingi nyuma, na yeye ndiye aliyezitangazia wodi zote. Lakini pale hospitalini hakuna aliyeanza barua mpya. Anwani ya karakana ilikuwa ndefu na ngumu kuandika, hivyo mtu akiwa na shida alitafuta barua yoyote ya zamani iliyotoka kwa Kimya, akabonyeza jibu, akaandika la kwake. Zamani haikudhuru kitu, kila barua ilimfikia peke yake. Sasa kompyuta iliona kichwa kile kile ikazirundika zote humo, na Kimya alikuwa amekwisha kuutia tiki ufunguo wa choo.

Ya sista ilikuwa ya thelathini na tisa. Wiki iliyopita walijaribu jenereta, na taa za wodi ziliwaka lakini vitanda vinne vya joto vilizimika. Yeyote aliyefunga soketi za vitanda hivyo baada ya ukuta kupakwa rangi alizifunga kwenye laini isiyofika kwa jenereta. Aliomba zihamishwe kabla ya Alhamisi, kwa sababu umeme ungekatwa kwa saa sita nzima, na vitanda vyote vinne vina watoto.

Saa ilikuwa tisa na dakika ishirini. Fundi umeme, mzee aliyeitwa Waya, hutoka kazini saa tisa na nusu. Na Waya hakugusa laini ya jenereta bila ruhusa ya fundi mkuu, ambaye alikuwa kwenye kikao cha utawala.

Kimya akaanza kumwandikia fundi mkuu barua. Aliandika mistari miwili akagundua kwamba yeye pia amebonyeza jibu juu ya barua ya zamani. Akaacha. Fundi mkuu hufungua barua asubuhi akinywa chai, anaanzia zinazotoka kwa wakubwa.

Mlango wa chumba cha kikao ulikuwa na kioo cha ukungu, na ndani yake vivuli vya watu saba au wanane. Kimya aliinua mkono, akaushusha. Aliwaza atakavyokodolewa macho. Aliwaza kuambiwa kesho asije. Akajikaza kisabuni, akagonga, akaingia kabla hajaitwa.

Mkurugenzi wa hospitali alikatizwa katikati ya sentensi. Kimya hakumtazama, alimtazama fundi mkuu kwenye vifungo vya shati.

"Mkuu, vitanda vya njiti havimo kwenye jenereta. Sista aliandika Ijumaa. Barua niliificha mimi. Sikukusudia, lakini ni mimi. Na Waya anaondoka sasa hivi."

Fundi mkuu alikuwa ameshasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

Walimkuta Waya getini, mkoba begani. Alisikiliza, akamtazama Kimya juu mpaka chini. "Wewe umeingia kikaoni ukaongea? Basi kweli ni hatari," akasema, akageuza. Fundi mkuu hakucheka. Alimwambia Kimya tu kwamba hilo la barua wataliongea Ijumaa, ofisini.

Walifanya kazi ya kuhamisha soketi mpaka jioni na tena asubuhi tangu saa moja. Kimya aliwashikia ngazi, ingawa haikuwa kazi yake.

Saa nne taa zikazimika. Alikuwa nje ya kioo cha wodi, na alihesabu kimoyomoyo. Alipofika saba, jenereta ikanguruma uani na taa za dari zikarudi. Hakuzitazama. Alitazama vitaa vya kijani kwenye vitanda, kimoja, cha pili, cha tatu. Cha nne kilichelewa kiasi cha mtu kumeza mate, kikawaka.

Sista akatoka, akafuta mikono kwenye aproni. Alimuuliza kwa nini mafundi walianza jana jioni kwa pupa namna ile, na kama barua yake aliipata Ijumaa. Kimya angeweza kuitikia kwa kichwa, na ingepita.

"Niliipata jana, sista. Ulipokwisha kunikumbusha."

Sista akageuka kukitazama kile kitanda cha nne, alimo mtoto asiyezidi urefu wa viganja viwili, kisha akamrudia.

"Kuanzia leo nitaandika," akasema, "halafu nitashuka kwako nisimame hapo mpaka uisome mbele yangu. Umenisikia, kaka?"

"Nimesikia. Njoo. Kiti kipo."

Sista hakutabasamu. Alirudi ndani akafunga mlango taratibu, na Kimya akashuka ngazi kurudi kwenye barua zilizobaki chini ya ufunguo wa choo.